Geti la Ghala Litakuwa Upande Wangu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Ukungu umefunika mlima Hanang hadi kiunoni. Baridi kali. Upepo hakuna.

Leo amefika mtaalamu wa barabara. Wiki iliyopita mwenyekiti wa kijiji alitutangazia kwamba kuna kampuni inataka kujenga ghala kubwa la nafaka kwenye eneo lililo wazi kati ya barabara zetu mbili, hapa Gendabi. Kabla ya kibali lazima mtaalamu aje kupima malori ya ghala yatawaathiri vipi watu wanaotumia barabara hizo. Mwenyekiti akasema mtaalamu anaitwa Wolfgang. Nikajua ni Mjerumani. Kijiji kizima kilijua.

Nilijiandaa kwa utaratibu. Viazi vya kuchemsha, bila pilipili. Uma na kisu, vya kuazima parokiani. Kiti chenye mto, cha kuazima kwa katekista. Hermani, mume wangu, ambaye ndiye aliyekibeba kiti, aliuliza kama Wajerumani hawakalii mbao. Yeye ni fundi seremala.

Saa nne akashuka kwenye Noah kijana mweusi, kofia ya sufu, begi mgongoni. Nilichungulia nyuma yake nimtafute Mjerumani. Akaniamkia: shikamoo mama, mimi ndiye Wolfgang, kwetu Mbinga, jina nimerithi kwa babu. Akavitazama viazi kwa heshima. Akauliza kama anaweza kupata ugali na dagaa.

Ugali na dagaa vilikuwepo kwa Scola.

Scola ni wifi yangu, dada yake Hermani. Ana mgahawa barabara ya chini. Mimi nina mgahawa barabara ya juu. Barabara hizi zinaachana hapa njia panda na kukutana tena mbele, ukielekea Basotu. Anayepita kwangu hapiti kwake. Tumeishi hivyo miaka yote, tukisalimiana vizuri na kuchunguliana sufuria.

Sasa geti la ghala litakuwa upande mmoja tu, juu au chini. Malori yote yatapita getini. Dereva wa lori anakula sana na haulizi nyama ni ya lini. Geti likija juu, mgahawa wangu utakuwa hoteli. Likienda chini, nitafunga mlango na kurudi kupalilia maharage nikiwa nimeinama karibu na mama mkwe, ambaye hupalilia akizungumza.

Wolfgang amekula kwa Scola. Viazi tumekula sisi. Hermani ametumia uma.


Jumanne, 15 Julai

Ukungu umeondoka mapema. Jua jembamba.

Mtaalamu alihitaji watu wawili wa kuhesabu vinavyopita, mmoja kila barabara, kuanzia kesho hadi Jumamosi. Nilikwenda na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya plastiki. Hakuniomba. Nilimwonyesha hata hivyo, mbele na nyuma. Nikapewa barabara ya juu.

Scola alikwenda na bakuli la dagaa. Akapewa barabara ya chini.

Tulifundishwa pamoja. Kila kinachopita kinawekewa alama yake: mtembea kwa miguu, mwanafunzi, baiskeli, bodaboda, mkokoteni, gari dogo, lori. Ng'ombe ni kundi, siyo mmoja mmoja. Kundi likipita, alama moja, basi. Mwenyekiti alikuwa ameshamweleza mgeni kwamba huku mfugaji hapendi ng'ombe wake wahesabiwe na mtu, hasa kwa kidole. Kidole kinaita hasara zizini. Mimi ni msomi na siamini, lakini kwa adabu sijawahi kunyooshea ng'ombe wa mtu kidole.

Nimepewa meza, fomu, kalamu mbili na kizibao cha kung'aa rangi ya limau. Nimejitazama kwenye kioo. Kimenikaa.

Nimelifikiria jambo hili kwa kina. Ni kama kura. Barabara yenye wapita njia wengi ndiyo barabara yenye uhai, na geti litawekwa penye uhai. Kwa hiyo nimetuma ujumbe kwa simu kwa watu wote ninaowafahamu: kuanzia kesho mpite juu, na mkiweza mpite mara mbili. Chai itakuwepo.


Jumatano, 16 Julai

Baridi, mawingu. Vumbi limelala.

Hakuna aliyepita.

Ninaandika hili kwa utulivu. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mezani, kizibao kimefungwa hadi shingoni. Bodaboda wa kwanza alikuwa Patriki. Aliniona kutoka kwenye mti wa pili, akasimama, akageuza pikipiki katikati ya barabara na kuondoka kama anafukuzwa. Nilimpigia simu. Akasema samahani mama, nilijua ni askari wa usalama barabarani, na leseni yangu bado iko njiani. Nikamwambia ni mimi. Akasema anajua ni mimi, lakini mimi huyo ninaandika. Bodaboda wote wa Gendabi leseni zao ziko njiani.

Wanafunzi walikuja kundi zima wakiimba, wakaiona fomu. Wimbo ukakatika. Mwalimu Evaline, aliyehamishiwa hapa kutoka Lindi, aliwahi kuwatisha kwamba yupo mtu atakayekaa barabarani kuandika wachelewaji. Kumbe mtu huyo amekuwa mimi. Walishuka bondeni kama kokoto zilizomwagwa, wakatokea barabara ya chini.

Mzee Gidion peke yake ndiye aliyekuja. Alipitisha ng'ombe wake kwenda lamboni kama kila siku, akasimama kwangu kunywa chai kama kila siku. Tangu nifungue mgahawa yeye ndiye kikombe cha kwanza. Nilimwamkia, akaitikia. Akauliza ninaandika nini. Nikamwambia: kundi, baba, alama moja tu. Aliitazama kalamu kwa muda. Akanywa, akashukuru, akaenda.

Jioni nilipita kwa Scola kuona. Kizibao chake amekitundika mlangoni, kinawafurahisha kuku. Mwenyewe amekaa na ungo anachambua maharage, na fomu iko chini ya ungo. Bodaboda wanapita wanapiga honi: shangazi, niandike mara mbili, nimebeba mtu mnene! Fomu yake imejaa hadi pembeni.

Akaniuliza, wifi, huko juu umebandika tangazo la kipindupindu?


Alhamisi, 17 Julai

Upepo wa asubuhi kutoka mlimani. Jua baadaye.

Sikupata usingizi mzuri. Nilimfuata Wolfgang kabla hajanawa uso, nikamwambia kwa uchungu kwamba barabara yangu haina watu, na kama kuna namna ya kuisaidia.

Akashangaa. Akaniuliza aisaidie kwa nini. Akaeleza taratibu, akiwa na mswaki mkononi, kwamba kazi yake siyo kutafuta barabara yenye watu. Ni kuepusha malori na watu. Lori la tani thelathini halichanganywi na watoto wa shule wala na ng'ombe. Barabara iliyo tupu ndiyo inayofaa kubeba geti.

Nilikaa kwenye ndoo yake.

Yaani tangu jana nilikuwa nashinda na sikujua. Ni akili tu ya kuzaliwa nayo, imetangulia mbele ya mwenye nayo.

Nilirudi mezani nikiwa mtu mwingine. Meza nikaisogeza hadi ukingoni mwa barabara. Kalamu juu. Patriki alipochungulia, nilisoma namba ya pikipiki yake kwa sauti. Nikampelekea Mwalimu Evaline neno kwamba naona wanafunzi wanapendelea njia ya chini, na nadhani ni salama zaidi. Akanishukuru kwa kujali watoto. Nilipokea shukrani.

Jioni fomu yangu ilikuwa safi kama shuka la mgonjwa. Alama moja tu. Kundi la Mzee Gidion.

Alama hiyo inanisumbua.


Ijumaa, 18 Julai

Ukungu. Ng'ombe walisikika kabla ya kuonekana.

Ninaandika mambo yalivyokuwa.

Mzee Gidion alitokea saa moja. Chai yake ilikuwa tayari, nilikuwa nimeimimina kabla sijaamua. Ng'ombe walipofika mbele ya meza nilisimama. Nikanyoosha kidole. Nikasema moja. Nikasema mbili. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. Nilifika saba.

Mzee aliinua fimbo. Siyo kwangu. Aliinua tu, na ng'ombe wakasimama. Hata kengele ya ng'ombe jike mwekundu, anayetangulia kundi, ikanyamaza.

Akasema, "Efrazia, mwanangu. Kidole?"

Aligeuza kundi lote, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, na kurudi njia panda. Nikawaona wanashuka barabara ya chini. Kikombe kilibaki mezani. Chai ilipoganda utando juu, niliimwaga mwenyewe.

Fomu ya leo haina alama hata moja. Ni kazi safi.

Wakati wa chakula Hermani alisubiri nimalize kula. Baadaye akasema, Mama Rahel, si ungemwomba tu apite chini kwa siku mbili? Angepita. Nikamweleza kwamba katika tathmini mtu haombi, anaangalia yanayotokea. Akauliza, na kidole je, kilitokea chenyewe?

Hermani ni mtu mwema lakini hajasomea mambo haya.


Jumamosi, 19 Julai

Jua tangu asubuhi. Mlima wote unaonekana.

Siku ya mwisho ya kuhesabu. Sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya kwangu. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo niliihamishia kwa Scola, nikatoa sababu kwamba kwangu kuna shughuli ya taifa. Waumini wote wakapita chini, wakiwa na vitabu vyao vya nyimbo. Niliwasikia kutoka huku juu. Walianza wimbo ninaouanzishaga mimi. Walianza juu mno.

Mchana Wolfgang akaja kuchukua fomu. Alisifu mwandiko. Akazipitia mara mbili, akatazama barabara upande huu, akatazama upande ule. Akaniuliza, "Mama, huku huwa ni kimya hivi siku zote?"

Angeweza kuuliza jambo lingine. Nilijibu kwamba ni kimya kabisa.

Akauliza, na huu mgahawa unauza kwa nani?

Nikasema ni mazoea tu.

Akaandika. Wakati anaondoka alisahau kuchukua kizibao na kalamu moja. Sikumkumbusha. Alipitia kwa Scola kuaga, akafungiwa dagaa wa safari.

Scola amenitumia ujumbe kwamba jana jike mwekundu wa Mzee Gidion aliteleza kwenye mteremko wa barabara ya chini, njia asiyoizoea, akavunjika mguu. Wamemchinja. Mzee hajasema neno juu ya mtu yeyote.

Ni mteremko. Mteremko ule ni mbaya tangu zamani.

Nimeusoma ujumbe ule mara nyingi, na simu imeisha chaji.


Jumanne, 12 Agosti

Upepo mkali, vumbi hadi kwenye sukari. Anga jeupe.

Siku ya mkutano wa hadhara. Nilivaa kitenge cha pasaka. Wolfgang alirudi na picha kubwa za ramani, akazibandika kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji.

Geti litakuwa juu.

Naandika tena: geti litakuwa juu, mbele kidogo ukishapita mgahawa wangu, baada ya kona. Watu walipiga makofi. Nilisimama nusu, kama mtu anayetajwa, nikakaa. Scola alinishika mkono, akasema hongera wifi, kwa moyo kabisa, na hiyo ilinipunguzia furaha kidogo.

Kisha mtaalamu akaendelea kusoma. Sikujua kwamba kuna kuendelea.

Akasema kwa kuwa barabara ya juu haina wanafunzi, haina mifugo wala biashara ya maana, itapanuliwa na malori yataachwa yapite moja kwa moja. Hapahitajiki matuta. Hapahitajiki kivuko. Hapahitajiki maegesho. Na ili malori yasipange foleni kwenye kona, kuanzia njia panda hadi getini patawekwa vibao vya kuzuia gari lolote kusimama.

Barabara ya chini itabaki ya watu na mifugo. Lori marufuku. Watawekewa matuta, kivuko cha wanafunzi, kibanda cha kuegesha bodaboda, na birika la kunyweshea ng'ombe. Vyote mbele ya Scola, kwa sababu ndipo watu walipo.

Nilinyoosha mkono. Niliuliza, kwa lugha ya kitaalamu, kama dereva mwenye njaa anaweza kusimama kidogo.

Wolfgang alifunua karatasi zangu mwenyewe, zenye mwandiko wangu mzuri. Akajibu kwa upole, "Kwa takwimu zako, mama, pale hakuna kitu cha kusimamia."

Watu wengine walicheka. Mwenyekiti akasema kama kuna mtu anaona hesabu siyo sahihi aseme sasa, maana mtaalamu yuko tayari kuirudia. Hermani alinitazama. Mwalimu Evaline alinitazama. Nilikaa na maneno mdomoni kama maji ya moto. Nikisema, hesabu itarudiwa, watoto watarudi, na geti litaondoka juu. Nisiposema, geti ni langu.

Sikusema. Geti ni langu.

Mzee Gidion alisimama kushukuru kwa ajili ya birika. Alimshukuru mwenyekiti, akamshukuru mgeni, akamshukuru Scola kwa chai. Aliongea akiangalia upande wa mlima.


Jumatatu, 25 Agosti

Hakuna ukungu. Vumbi lilianza saa kumi na mbili, na lori la kwanza.

Malori ya kokoto yameanza wiki iliyopita. Yanapita mbele yangu yakiwa yameongeza mwendo kwa ajili ya kilima. Leo dereva mmoja alinipungia mkono. Nilimwinulia sahani ya wali nyama. Alipiga honi, akapotea kwenye kona. Wali ukabaki na vumbi lake.

Maandazi sipiki tena. Yanakuwa na mchanga ndani ya saa moja. Asubuhi namimina kikombe kimoja, kwa mazoea.

Kibao cha kuzuia kusimama kimewekwa mkabala na mlango wangu. Aliyekichimbia nguzo ni Hermani, alipewa kazi hiyo na kampuni. Nilimuuliza kama hakuona mahali pengine. Akasema alionyeshwa alama kwenye ramani, na kwamba ameisimamisha nguzo sawasawa, haitatikisika hata kwa upepo. Ni kweli. Nimeijaribu.

Mchana Scola alikuja na hotipoti, amejifunga khanga puani. Akasema, wifi, twende ukale kwangu, huku hapakaliki. Nikasema niko kazini. Akakaa nami hata hivyo, akafuta kiti kwanza. Tukala dagaa. Ni dagaa wazuri. Nilikuwa sijawahi kuwaonja kwa miaka yote hii.

Akanieleza habari za chini, ambako kibanda na birika vimeshajengwa. Patriki anakaa kibandani siku nzima, amepata leseni. Watoto wa shule wamemzoea, wanaomba maji. Mzee Gidion anakunywa chai kwake kila asubuhi, lakini anaacha nusu. Wiki iliyopita aliuliza, Efrazia hajambo? Bado ananyoosha kidole?

Nikauliza alimjibu nini. Scola akasema alimwambia sijambo.

Kisha akanishauri. Alisema jambo lenyewe ni dogo. Nichukue kibuyu cha maziwa, niende kwa mzee jioni, nimwamkie, nimwambie pole kwa jike mwekundu, niseme nilikosea. Atasikia. Ataongoza ng'ombe chini kwa sababu ya malori, lakini yeye mwenyewe atapanda juu kwa miguu kunywa chai yake. Na akipanda yeye, wazee wengine watapanda. Akasema hata maziwa anaweza kunipa yeye, ya leo.

Nilimshukuru. Nilisema nitalifikiria.

Nimelifikiria kwa kina, kwa utaratibu, hadi Hermani amelala. Wazo la Scola si baya, ila halina utaalamu. Linamtegemea mzee kusamehe, na kusamehe hakupimiki.

Mimi nina kizibao. Nina kalamu, na kurasa tupu za fomu zimebaki. Kesho alfajiri nitashuka na meza hadi barabara ya chini, mkabala na birika. Nitakaa mbele, kalamu juu. Bodaboda wataondoka, leseni au bila leseni, najua tabia yao. Watoto wataondoka. Jumuiya itaondoka. Mzee Gidion akitokea nitasimama tu, sitafika hata saba. Hawatakuwa na pa kupita isipokuwa juu.

Nimeshaosha kikombe chake na kukifunika na kisahani, vumbi lisiingie.

Saa tano na nusu usiku. Nalala.